Nukta ya Akinyi Imeingia Ziwani

Leo nimejiaibisha mpaka mbwa wa bichi wameniangalia kwa huruma.

Consolata, Rispa, Wilkista, na nyote tuliouza pamoja sokoni Kibuye, naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kabla hamjasikia kwa watu wengine. (Mnajua shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa mwalimu Nashon Odera mwenye jino la dhahabu. Herufi zikiruka, rukeni nazo.) Nikimaliza mtajua yote. Mimi mwenyewe bado sijaelewa yote.

Mjukuu wangu Akinyi, yule wa kwanza wa mwanangu Ogutu, anaruka. Siyo kuruka kamba. Anaruka hewani! Ana bawa la kitambaa chekundu lenye kamba nyingi kama wavu wa mbuta. Anapanda kilima, anakimbia kuelekea ukingoni, na badala ya kufa, anapaa. Injini hana. Nimemuuliza mara nyingi, "Ni nini kinakushikilia huko?" Ananijibu, "Upepo, Dani," maana ndivyo anavyomwita bibi yake. Mimi nimeanika omena hapa Usenge tangu niolewe. Upepo naujua. Upepo haushikilii hata leso.

Jana alifika kutoka Kisumu pamoja na mwalimu wake, Kiprono, kijana mpole wa kule Iten, ambako wanasema watu huruka kama kunguru. Leo walitaka kuruka kutoka kilima hiki cha nyuma yetu. Na Akinyi, kwa sababu anajua silali akiruka, akanionyesha kifaa.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu, cha rangi ya chungwa. Hakitumii mtandao wa simu. Kinaongea na setilaiti huko juu, setilaiti inaongea na simu yangu, na simu yangu inaonyesha nukta nyekundu kwenye ramani.

"Kwa hivyo hii nukta ni nini?" nikamuuliza.

"Nukta ni mimi, Dani."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mahali nukta iko, mimi niko hapo. Leo wewe ndiye macho yangu. Ukiona imesimama mahali pabaya, usingoje, tafuta watu."

Shikeni maneno hayo. Hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Niliuliza bei. Akataja. Nikakaa chini. Ni ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake! Na ukishanunua bado unalipa kila mwezi. Unalipia nini? Mbingu! (Miaka yote hii nimeiangalia bure.) Akinyi amechukua malipo ya chini kabisa, kwa hivyo nukta yake haitembei kama ya mwenye pesa. Inakaa, inakaa, halafu inaruka mahali pengine kama panzi. Na ujumbe nao ni wa kuhesabiwa. Ukizidisha, unalipia kila mmoja.

"Na inaaminika?" nikauliza.

Kiprono akacheka. "Mama Ogutu, hii ikisema, imesema. Simu inaweza kukuacha. Hii haikuachi."

Sawa.

Asubuhi Akinyi alikuwa anakunywa chai. Akanipa kifaa, akasema, "Dani, hebu kiweke nje mahali kinaona mbingu vizuri, mpaka taa iwe ya kijani. Nitakichukua nikitoka."

Nikatoka nacho. Nikasimama katikati ya boma, nikafikiri kama mtu aliyepewa kazi na serikali. Ni wapi hapa panaona mbingu kuliko pote? Chini ya mti, hapana. Kwa bati, nitapandaje? Halafu nikaona. Pale ninapoanika omena! Pale hapana mti, hapana kivuli, hapana nyumba. Kama kuna mahali mbingu inaangaliwa vizuri Usenge nzima, ni kwa neti yangu ya omena. Nikakilaza katikati ya samaki, uso juu. Taa ikawa kijani papo hapo. Nilijisifu. Nilisema hata Kiprono hangepata mahali pazuri hivyo.

Nikaingia kumwongezea Akinyi chai. Kabla hajaimaliza, Kiprono akapiga honi.

"Akinyi! Upepo umekaa vizuri, twende!"

"Umebeba vitu vyote?"

"Vyote viko ndani!"

Akatoka mbio, mkate mkononi. Nilipotoka nikaenda kwa neti. Kifaa hakipo. Nikasema vizuri, amekichukua. (Jirani yangu Dorina, binti wa marehemu Okumu fundi wa baiskeli, alikuwa ameshapita na reki kugeuza omena, ili upande wa chini nao ukauke. Dorina hugeuza omena yangu kila asubuhi, na mimi yake. Sikuona sababu ya kuifikiria reki.)

Baadaye kidogo akaja Barasa, mnunuzi wangu kutoka Port Victoria, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Alikuwa na haraka kwa sababu boti ilikuwa inamngoja. Tukazoa omena, tukaitia kwenye magunia, wakayabeba, akaenda. Mimi nikanawa mikono, nikakaa kwa kiti changu mlangoni, nikafungua simu kumwangalia mtoto wangu.

Nukta ilikuwa hapa nyumbani.

Nikasema ni yale malipo ya chini, nukta inachelewa. Nikangoja. Ikaruka. Sasa ilikuwa kule bichi.

Bichi? Kilima kiko huku, bichi iko kule! Nikaigeuza simu. Nukta nayo ikageuka. Nikamwita Dorina.

"Hebu angalia na macho yako. Hii si bichi?"

"Ni bichi."

"Akinyi anatafuta nini bichi?"

"Pengine amerukia kule. Si unasema anaruka?"

Nukta ikaruka tena. Ikawa ndani ya maji.

Jamani! Nikampigia Kiprono. Mteja hapatikani. Nikampigia Akinyi. Mteja hapatikani. Kilima hicho hakina mtandao, hata marehemu mume wangu alikuwa anaenda huko akitaka kunikwepa. Nukta ikazidi kuingia ndani. Halafu simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa kifaa cha Akinyi!

"Niko salama."

Nikashika kifua. "Dorina, amesema yuko salama."

"Wapi?"

"Ndani ya ziwa."

Tukaangaliana.

"Mtu anawezaje kuwa salama ndani ya ziwa?" Dorina akauliza. Swali zuri.

Simu ikalia tena. "Niko salama." Na tena. "Niko salama." Na tena! Mtu aliye salama kweli anasema mara moja, ananyamaza. Anayerudia hivyo kuna jambo. Nikaanza kumjibu, maana kuna mahali pa kuandika. Nikaandika, "Akinyi, vua viatu, vinazamisha." Nikaandika, "Usipigane na maji." Yeye akajibu, "Niko salama."

"Anakuficha," Dorina akasema. "Hataki uogope."

"Kweli hiyo ni tabia yake," nikasema, na machozi yakaanza.

Halafu nukta ikasimama.

Ilisimama mahali ninapopajua, pale magugu maji yanapojikusanya kama shamba. Nikangoja iruke. Haikuruka. Nikangoja tena. Pale pale. Nikakumbuka maneno ya Akinyi, ukiona imesimama mahali pabaya, usingoje. Je, kuna mahali pabaya kuliko hapo?

Nikaacha simu juu ya kiti. Nikaweka mikono kichwani. Nikapiga nduru.

Nyinyi mnajua nduru ya kwetu. Haina rivasi. Ikishatoka mdomoni, si yako tena. Dorina akaipokea, mke wa Ochola akaipokea kutoka kwa Dorina, na kabla sijafunga leso vizuri boma lilikuwa limejaa. Wanawake wa kanisa walikuja wanakimbia, mikono kichwani. Mama Risper akaja na sufuria kubwa ya matanga. (Hakuwa ameuliza ni nani amekufa. Aliiona tu njia inaelekea wapi.)

"Ni nani? Ni nani?"

"Ni Akinyi wa Ogutu! Ziwa limemchukua!"

Tukashuka wote bichi. Omondi nahodha, mtoto wa Awuor, hakuuliza swali la pili. Aliangalia nukta, akasema, "Hapo kwa magugu, napajua," akawasha injini, akaenda. Mungu ambariki huyo mtoto. Sisi tukabaki ukingoni, mimi nimeshika simu, na simu inaendelea.

"Niko salama."

Kila ikilia, watu walikuwa wanalia zaidi.

Hapo ndipo mabishano yalianza. Ochola, anayetengeneza redio, akasema kifaa kimeharibika, kimekwama kwa neno moja kama santuri. Mke wake akamwambia kitu cha bei ya ng'ombe na ndama hakiharibiki. Ochola akasema ng'ombe naye huugua. Mtu akauliza kama Akinyi angelipa yale malipo ya juu, kifaa kingesema ukweli.

"Kwa hivyo maskini anaambiwa uongo na tajiri ukweli, kutoka mbingu moja?" Mama Risper akasema. Watu wakaguna. Lilikuwa jambo la kufikiria.

Dorina akanishika bega. "Mama Ogutu, usikatae. Huenda ameshafika kwa Nyasaye, kwa Mungu, ndiko anasema yuko salama."

"Kwa Nyasaye kuna setilaiti?"

"Kwani setilaiti iko wapi? Si huko huko juu?"

Niwaambie ukweli, nilichanganyikiwa kabisa. Ikanibidi niandike ujumbe mwingine, nikiwa sijui naandikia wapi, ziwani au juu. Niliandika, "Nyakwara wangu, mjukuu wangu, mguu wa kuku nilikuwekea." Halafu nikaandika, "Kama hapo ulipo kuna giza, mimi sijazima simu."

"Niko salama," akanijibu.

Nikageuka nifute uso, nikamwona mzee Oloo wa Nyamonye amesimama nyuma ya umati. Alikuwa ameficha kitu chini ya koti, na kitu chenyewe kilikuwa kirefu kuliko koti. Nikakijua. Lilikuwa tunda la yago! Wale wasiojua, yago ndilo tunda tunalozika badala ya mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha.

"Mzee Oloo," nikamwambia, "hata boti haijarudi!"

"Sijasema kitu, Mama Ogutu. Nilipita tu karibu na mti."

Nikapiga nduru ya pili. Hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza, na wanawake wote wakaibeba, na ni katikati ya hiyo nduru kivuli kilipita juu yetu.

Kivuli kikubwa. Kikapita, kikageuka, kikarudi.

Tukaangalia juu. Bawa jekundu! Na chini ya bawa, miguu miwili inaning'inia, na viatu ninavyovijua maana nilivipangusa mimi mwenyewe jana.

Sijawahi kuona bichi ikitawanyika hivyo. Mke wa Ochola alimwacha Ochola. Mama Risper alijifunika sufuria kichwani. Mzee Oloo alikimbia akiwa na yago mkononi, na mtu wa miaka yake hakimbii. Mimi sikukimbia. Msidhani ni ujasiri. Miguu ilikataa.

Akinyi akashuka polepole, akakanyaga mchanga, hatua mbili tatu, bawa likalala nyuma yake. Akavua kofia ngumu. Akatuona tumefunga leso viunoni, macho mekundu. Uso wake ukabadilika. Akaja akikimbia, akanishika mikono yote miwili.

"Dani! Nani amekufa?"

Watu wakamwangalia yeye. Bichi nzima.

"Dani, niambie. Ni nani?"

Ni mzee Oloo aliyejibu, kutoka nyuma ya boti alikojificha.

"Kwani si wewe?"

Jamani, ardhi inajua kumeza ng'ombe msimu wa mvua. Leo ilikuwa imekauka.

Na pale pale, mbele ya Akinyi, huku amenishika mikono, simu ikalia. Nikaangalia. "Niko salama." Na nukta ilikuwa inatembea! Inakuja huku!

Nikaangalia Akinyi. Nikaangalia simu. Nikaangalia ziwa.

"Akinyi," nikamwambia kwa sauti ndogo, "kama wewe uko hapa, huyo anayekuja ni nani?"

Dorina akaanguka. (Alianguka vizuri, juu ya bawa.)

Akinyi akachukua simu, akaangalia, akakunja uso. "Dani. Nilipofika kilimani nikakuta kifaa hakiko kwa begi. Kiprono akasema niruke karibu tu, nishuke hapa bichi mahali watu wako. Asubuhi ulikiweka wapi?"

"Mahali kinaona mbingu."

"Wapi, Dani?"

Kichwani mwangu nikaiona neti. Nikaiona reki ya Dorina. Nikayaona magunia yakibebwa. Nikasema, "Ngoja kwanza," lakini hakukuwa na kitu cha kungoja.

Boti ya Omondi ikafika, inavuta nyingine nyuma kwa kamba. Boti ya Barasa! Magugu yalikuwa yameshika propela yake. Na Barasa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya magunia yangu ya omena, amekunja mikono, amekasirika. Wimbi likainua boti. Barasa akainuka kidogo, akakaa.

Simu: "Niko salama."

Wimbi lingine. Barasa juu, Barasa chini.

"Niko salama."

Omondi akapaza sauti, "Mama Ogutu! Akinyi hatujamwona! Pale kwa nukta tumepata huyu tu!"

Gunia likafunguliwa mbele ya watu wote. Akinyi akatia mkono mpaka begani, akatoa kile kipande cha sabuni, magamba ya omena yamekikaa kila mahali, taa kijani. Kilikuwa kimelala chini tu ya mdomo wa gunia, kitufe cha kutuma "Niko salama" kimeelekea juu. Kwa hivyo mchana wote niliokuwa nikilia na kuombea na kushauri kuhusu viatu, nilikuwa ninazungumza na makalio ya Barasa.

"Mimi nilihisi kitu kigumu," Barasa akasema. "Nikafikiri ni kichwa cha mbuta."

Hapo ndipo Ochola alianza kucheka. Yeye wa kwanza, nimemweka moyoni. Mke wake akafuata. Halafu bichi yote, mpaka watu wakaketi chini. Wengine walicheka huku machozi ya kilio hayajakauka. Mimi najua nani alilia kwa kweli na nani alikuwa anachungulia sufuria. Majina yao ninayo. Siwaambii leo.

Halafu simu ikalia, safari hii ya kupigiwa. Ogutu, babake Akinyi, anapiga kutoka Nakuru. (Nani alimwambia? Nitamjua.) Hakuweza hata kuongea, analia tu. Nikampa Akinyi simu amtulize. "Baba, ni mimi," Akinyi akasema. Ogutu akakata. Ilibidi mke wake apige, ndiyo aulize kama mtu aliyeongea alikuwa na joto.

Mambo yakaishia kwangu, maana huwezi kuwaita watu kwa matanga ukawarudisha na njaa. Chai ilipikwa kwa ile sufuria. Akinyi alikunywa chai ya matanga yake mwenyewe, akaomba sukari. Akala na mguu wa kuku. Mzee Oloo alirudi pia, akakaa pembeni, yago ameliacha njiani, anasema hajui nani alileta kitu kama hicho. Kiprono naye akafika na gari, vumbi mpaka kwa kope, akasikia habari yote, akauliza jambo moja tu: kifaa kilipoteza nukta hata mara moja?

"Hapana, hata mara moja," Akinyi akasema.

"Ndani ya omena? Chini ya mtu?"

"Chini ya mtu."

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Si nilisema hii haikuachi."

Watu walipopungua, Akinyi alikaa na mimi mlangoni, akawa anakipangusa kifaa na kitambaa. Kina kioo kidogo. Jumbe zangu zote zilikuwa zimefika humo. Zote! Akazisoma moja moja, kuanzia ya viatu. Alizidi kusoma polepole. Nikajua ni ile hesabu, maana nimemaliza jumbe zake za mwezi na zingine juu yake, nikimshauri Barasa avue viatu.

"Nitakulipa na omena," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Alikuwa amefika kwa ile ya mwisho, ya giza. Akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Ni harufu ya omena, Dani," akasema.

"Najua," nikasema. "Ni kali."

Kesho anaruka tena. Kifaa nimekifunga mwenyewe kwa begi lake, kwa fundo la wavuvi, hata Kiprono ameshindwa kulifungua.

Sasa nyinyi wa Kibuye, msinicheke. Mkisikia huko sokoni kwamba mjukuu wangu amekufa maji, hajafa, amelala hapa anakoroma. Na siku mkisikia gunia la omena linawaambia liko salama, jibuni kwa ufupi. Kila neno linalipiwa.